Mimea ya majani mapana kwa chungu cha barazani: upi ununuliwe kwanza

Anayetafuta mmea wa majani mapana wa kuweka barazani, awe Dar es Salaam, Mombasa au Nairobi, kwa kawaida huanzia kwa wauza maua wa kando ya barabara, ambako huonyeshwa mmea uliokwisha kukua, wenye majani yanayong'aa na bei inayolingana na mng'ao huo. Mwongozo huu unaanzia sokoni, kwenye meza ya mihogo na viazi, kwa sababu mimea mingi ya aina hii inayouzwa kwa mapambo ni ya jamii moja na gimbi, na gimbi lenyewe ndilo ninalolipa nafasi ya kwanza.

Gimbi, ambalo Wakenya hulijua kama nduma, limezoea mabonde na kingo za mito, na kwa hiyo huvumilia lile kosa linaloua mimea mingi ya vyungu, yaani kumwagiliwa maji kupita kiasi. Kinacholidhuru ni ukavu: likikosa maji siku za jua kali, kingo za majani hukauka na shina la jani hulegea. Likitunzwa katika chungu chenye upana wa sentimeta 40 hivi, kilichojazwa udongo mweusi uliochanganywa na samadi iliyoiva, hutoa majani yanayoweza kufikia urefu wa sentimeta 60, yaliyoinamisha ncha zake chini, na ambayo matone ya mvua huviringika juu yake bila kuyalowesha. Alfajiri ncha hizo hudondosha maji yaliyotoka ndani ya mmea wenyewe, jambo ambalo mwenye sakafu ya vigae inayoteleza afadhali alijue mapema.

Sokoni usichague gimbi kubwa, kwani ukubwa ni sifa ya sufuria. Chagua dogo, gumu linapobonyezwa, lisilo na sehemu laini wala harufu ya kuoza, na ambalo kichwa chake hakijakatwa. Hapo kichwani, katikati ya magamba ya kahawia, utaona chipukizi jeupe au lenye wekundu uliofifia. Yale yaliyokwisha kumenywa na kufungwa kwenye mfuko hayafai kupandwa. Mwezi wa Ramadhani, watu wanapoyanunua kwa ajili ya futari, ni bora kuwahi sokoni asubuhi ili uweze kuchagua badala ya kuokota yaliyobaki. Lipande chipukizi likitazama juu, ulifukie kwa udongo wa sentimeta 5 hivi, kisha uwe na subira ya wiki kadhaa. Kwa bei ya kilo moja utapata mbegu za vyungu kadhaa, na hakuna kitalu kitakachokuuzia kwa bei hiyo.

Asiyependa rangi ya kijani pekee anaweza kununua gimbi la mapambo lenye majani ya zambarau iliyokolea karibu na weusi, linalojulikana kwa jina la Black Magic. Matunzo yake ni yaleyale, ila rangi hukolea vizuri zaidi linapopata jua la kutosha, na ukiliweka kwenye kivuli kizito utakuwa umelipia weusi usiouona.

Nafasi ya pili ni ya kaladiamu, yenye asili ya Amerika ya Kusini, ambayo majani yake membamba kama karatasi huchanganya kijani, nyeupe, waridi na nyekundu. Huu ndio mmea wa kivuli cha Pwani, kwenye baraza ambalo jua la mchana halilifikii. Mnunuzi ajue tu kwamba mmea huu hulala: hufika wakati majani yote yakanyauka, na wengi huutupa wakidhani umekufa, ilhali kiazi chake ni kizima udongoni. Wakati huo punguza maji hadi uchipue tena. Kwa Nairobi, iliyo kwenye mwinuko wa karibu mita 1,700, siupendekezi kwa baraza la wazi, kwa sababu baridi ya Julai huuzorotesha.

Ya tatu ni alokasia kubwa, ile ambayo majani yake husimama yakielekeza ncha juu na ambayo ikipandwa ardhini humpita mtu kwa urefu. Ni mmea wa fahari, lakini hudai chungu kizito ili usipinduke, na udongo usiotuamisha maji. Kwenye ghorofa linalotazama bahari usiununue, kwani upepo wa kusi utayapasua majani hayo.

Ya mwisho ni alokasia ndogo yenye mishipa myeupe, iitwayo Amazonica ingawa haikutoka kwenye mto Amazon. Ndiyo inayovutia kuliko zote ikiwa dukani, na ndiyo inayokufa upesi nyumbani: hewa kavu hualika utitiri, yaani vijidudu vidogo sana vinavyofyonza majani, na maji yakizidi mizizi yake huoza. Ukiamua kuinunua, geuza jani utazame upande wa chini. Ukiona vumbi la vidoadoa na utando mwembamba, rudisha chungu mahali pake.

Kuhusu chungu, cha plastiki hutunza unyevu na hulifaa gimbi, na hata ndoo ya lita 20 iliyotobolewa chini inatosha. Cha udongo wa kufinyangwa hukauka haraka na kwa hiyo huifaa zaidi alokasia. Kisahani cha chini kimwagwe na kusuguliwa angalau mara moja kwa wiki, kwa sababu mbu anayeeneza homa ya dengue hutaga kwenye maji kidogo kama hayo, na Dar es Salaam ilikwisha kukumbwa na milipuko ya ugonjwa huo mwaka 2014 na 2019.

Mimea hii yote ina utomvu unaowasha mdomo na koo, hivyo chungu kiwe mbali na watoto wanaotambaa na mbuzi wa jirani. Gimbi la sokoni huliwa likishapikwa likaiva vizuri. La mapambo, hata likifanana nalo kabisa, lisiingie jikoni.