Kadi za maneno au kusoma tu, kipi kinajenga msamiati wa Kingereza?

Ukishakuwa mtu mzima maneno mapya hayakai kichwani kirahisi jamani. Kadi, yani zile zenye neno upande mmoja na maana upande wa pili, zinasaidia, mwanasaikolojia Mjerumani Ebbinghaus alishaonyesha tangu 1885 kwamba kurudia kidogo kidogo kwa kuachia siku katikati kunashikisha zaidi kuliko kukariri yote siku moja, kwa hiyo hata dakika 10 kila siku zinakusogeza. Ila kadi mara nyingi inabeba maana moja tu. Chukua "run", kadi itakwambia kukimbia basi, halafu unakutana na "run a business" unakwama kabisa, kumbe hapo ni kuendesha biashara. Kusoma ndo kunashinda hapo, neno unalikuta na wenzake. Mi nasoma kwanza, alafu sentensi nzima ndo naiandika kwenye kadi.