Boti iligoma Goma: mafundi watatu, injini moja ya jeti

Kwa mwenye haraka: fundi wa tatu, mzee anayefanyia kazi upande wa Kituku hapa Goma, nampa nyota nne kati ya tano. Wale wawili wa kwanza nisingewarudia hata kunifungulia chupa ya soda. Mwenye boti ya jeti, au anayefikiria kununua, avute kiti, maana ada ya somo hili nimeshailipa mimi.

Boti ni ya mkono wa pili, ndefu kama mita sita, na injini yake ni ya esansi, yaani petroli, silinda nne, lita 1.8, mipigo minne, mafuta yanapulizwa kwa kompyuta. Mimi na kaka yangu tuliinunua kwa ajili ya matembezi ya Ziwa Kivu: maharusi wanaotaka picha, familia za Jumapili, mara mojamoja mtu wa kwenda kisiwani Idjwi. Tulipenda jeti kwa sababu haina pangaboi inayozunguka nje. Maji yanafyonzwa chini ya boti, yanaingia kwenye bomba lenye impela ndani, yaani gurudumu la mabawa linalozunguka, yanatupwa nyuma kwa nguvu, na boti inakwenda. Mtoto akiogelea karibu, hofu inapungua. Aliyezipa boti hizi sifa ni William Hamilton wa New Zealand, miaka ya 1950, alipokuwa akitafuta chombo cha kupita mito ya kwao yenye kina kifupi. Nilipolisoma hilo nikajiambia kina kifupi kwake si shida. Hapo ndipo nilipojidanganya.

Jumamosi ya mkasa tulikuwa Himbi, maharusi wamevaa, mpiga picha ameshaning'iniza kamera shingoni, majile ya kuokolea yamefungwa. Nageuza ufunguo: tak. Mara moja, kama mtu aliyegonga meza kwa kidole. Tena: tak. Bwana harusi akaangalia saa. Kaka akasema tusukume tu, tutoke kidogo, huenda itawaka mbele. Nikakataa. Tangu ile boti ya kutoka Minova, iliyojaa kupita kiasi, izame Oktoba 2024 watu wakiiona kutoka ufukwe wa Kituku, katika mji huu hakuna anayeingia ziwani na injini ya kubahatisha. Maharusi wakapigwa picha wamesimama kwenye boti iliyofungwa kamba. Nusu ya pesa nikawarudishia, boti ikavutwa kwa trela hadi kwenye parseli yetu, yaani uani kwetu.

Fundi wa kwanza ni wa magari. Alisikia tak moja tu akatoa hukumu: "Mama, batri imekufa." Mita hakuwa nayo. Nikanunua betri mpya, dola 120. Tak. Akasema labda mpya nayo haina chaji, akaenda nayo kuichaji, akairudisha kesho yake. Tak. Kazi ya mikono akadai dola 20, nikatoa, kwa aibu zaidi kuliko kwa haki.

Wa pili anajua injini za kufungwa nyuma ya mitumbwi, na nasikia kwa hizo ni mkali kweli. Alitoa demareri, ile mota ya kuwashia injini, akaiunga kwa nyaya juu ya meza, ikazunguka vizuri, hata kaka akapiga makofi. Halafu akasema imechoka, tuagize nyingine Kampala, dola 350, wiki mbili. Mimi si fundi, ila nimelea watoto watatu: anayeruka vile kitandani hajachoka. Nikamwambia airudishe mahali pake. Akairudisha, na kabla ya kuondoka akaona atufanyie hisani ya kusuuza injini. Akachomeka mpira wa maji kutoka kwenye tangi letu, akafungua, akaacha yatiririke kama dakika tano huku injini imezimwa. Kumbuka hapo. Dola 30.

Mzee alikuja Jumatano. Alisema atafika saa mbili asubuhi, akaingia saa tano, anakula muhindi wa kuchoma. Mkononi ana mita ndogo ya umeme, taa ya kichwa na chupa tupu ya maji ya kunywa. Nikaona leo tena nimeingia.

Boti hakuigusa. Alikaa juu ya tairi kuukuu, akaniuliza, "Mama, mara ya mwisho iliwaka wapi, ikazimwa wapi?"

Nikamweleza: tulishusha watu kwenye ufukwe mmoja wa wavuvi wa sambaza, wale samaki wadogo kama dagaa, pale wanapoanika nyavu.

"Maji yalikuwa ya wapi? Ya kiunoni?"

"Ya magotini, Muzee."

Akacheka peke yake. "Ya magotini," akarudia, akainuka.

Alianza na ile kamba nyekundu ya usalama, ambayo nahodha anajifunga mkononi ili akianguka majini injini ijizime. Klipu yake isipokaa sawasawa, injini haiwaki. Alisema kuna watu wanamwita kwa hiyo tu, naye anakula pesa yao bila kucheka. Yetu ilikuwa mahali pake. Swichi kuu ya betri, sawa. Vichwa vya nyaya, safi na vimebana. Akarudisha ile betri ya zamani, iliyokwisha kutangazwa marehemu, akaipima: volti 12.5. Betri ya volti 12 iliyojaa na kutulia huonyesha 12.6 hivi, kwa hiyo marehemu alikuwa mzima. Kisha akaniambia nigeuze ufunguo yeye akiwa ameshika mita. Tak, na namba ikaporomoka chini ya 8. Akaweka betri mpya. Tak, ikaporomoka vilevile.

"Wawili hawafi kifo kimoja siku moja," akasema. "Demareri inavuta mzigo usiosogea. Haijafa hii, mama. Imefungwa tu."

Wenye boti za jeti, sehemu hii ndiyo iliyonifanya nikae kuandika. Injini ya nyuma ya mtumbwi ina nyutro. Pangaboi ikinasa kitu, injini bado inawaka, shida utaiona ukitia gia. Boti ya jeti kama yangu haina klachi wala nyutro: shafti inatoka kwenye injini moja kwa moja hadi kwenye impela, na injini ikizunguka, impela lazima izunguke. Impela ikikwama, injini yote imekwama, na kitu pekee utakachosikia ni tak. Fundi wa mitumbwi hawezi kulifikiria hilo, kwake halijawahi kutokea. Hapo hasira yangu juu ya yule wa pili ilipungua kidogo. Kidogo tu, kwa sababu ya yale maji.

Mzee alichomoa ufunguo, akatoa kamba nyekundu, akafungua waya hasi wa betri, ndipo akalala chini ya trela na taa yake. Alisema mkono hauingii kwenye pampu kabla ya hayo matatu, hata kama injini haijawaka mwaka mzima. Kule chini kuna wavu wa chuma wa kuzuia takataka. Unazuia vikubwa. Vidogo vinapita. Alivuta uzi wa nailoni wa wavu wa sambaza, kama mita mbili, umejizungusha kwenye shafti hadi umekuwa mgumu kama gamba. Nyuma ya uzi kulikuwa na jiwe jeusi la lava, ukubwa wa yai la njiwa, limebanwa kati ya bawa la impela na ukuta wa bomba. Nafasi ya pale haifiki milimita moja, kwa hiyo jiwe halikuweza kupita. Jiwe ninalo, naligandamizia karatasi mezani.

Sambaza wenyewe ni wageni ziwani humu, waliletwa kutoka Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950. Boti yangu nayo ni mgeni. Wamekutana.

Kitabu cha boti kinataka kina cha sentimita 90 chini yake kabla ya kuwasha, kwa sababu pampu inafyonza chochote kilicho karibu. Mchanga wa huku ni volkano iliyosagika, na vijiwe vyake vyepesi huinuliwa na maji kirahisi. Kitabu nilikuwa nacho. Kipo kwenye mfuko wake wa nailoni, kisafi kabisa.

Nilidhani tumemaliza. Mzee akauliza kama kuna aliyechezea maji. Nikasimulia habari ya mpira, akanyamaza muda mrefu, muhindi umesimama njiani kwenda mdomoni. Injini hizi moshi wake unapita mahali panapopozwa kwa maji. Injini ikiwa inanguruma, moshi unayasukuma maji nje. Ikiwa imezimwa, maji yanajaa, yanapanda, yanaweza kuingia kwenye silinda. Na maji hayagandamizwi kama hewa, kwa hiyo ukilazimisha kuwasha unaweza kupinda chuma cha ndani. Utaratibu ni kuwasha injini kwanza ndipo ufungue maji, na ukimaliza unafunga maji kwanza ndipo uzime.

Akachomoa bujii zote nne, ile plagi inayotoa cheche, akatuambia tusogee, akazungusha demareri. Sasa ilizunguka! Na silinda ya nne ikatema maji hadi kwenye kanga ya mke wa kaka. Oili aliiangalia kwenye kijiti chake: haikuwa nyeupe kama maziwa, kwa hiyo maji hayakufika huko. Akakausha, akanyunyiza mafuta kidogo ndani ya silinda, akarudisha bujii.

Kaka alikuwa tayari ameshika ufunguo. Mzee akamtoa, akawasha feni ya kutoa mvuke kwenye chumba cha injini, akatazama saa yake: dakika nne. Kaka akasema tupo nje, hewa tele. Mzee akamjibu kwamba mvuke wa esansi ni mzito kuliko hewa, unalala chini tumboni mwa boti, haujui kama uko nje. Tukasubiri dakika nne, hakuna aliyezungumza.

Ikazunguka vizuri, haikuwaka.

Nilitaka kulia. Yeye akasogeza sikio karibu na tangi, akaniambia nigeuze ufunguo hatua ya kwanza tu. Ziii, sekunde mbili, kimya. "Pampu ya mafuta inafanya kazi. Tuone inapampu nini." Hapo ikaja ile chupa tupu. Alivuta esansi kutoka chini kabisa ya tangi kwa mpira mwembamba, akaiweka chupa juani, akaomba chai. Chai ilipokwisha, chupa ilikuwa na mstari katikati: juu esansi ya manjano, chini maji, kama vidole viwili. Maji ni mazito kuliko esansi, na mpira unaopeleka mafuta kwenye injini unavuta chini.

Esansi ile niliinunua mwenyewe kwa Kadafi, muuza mafuta wa barabarani, kwenye bido, yaani dumu, iliyolala nje msimu wa mvua, ili niokoe pesa kidogo kwa kila lita. Hapa sina fundi wa kumlaumu.

Tulimwaga tangi lote, tukabadilisha filta kwa dola 15, tukaweka esansi ya kituoni. Feni, dakika nne. Jaribio la kwanza ikakohoa, la pili ikakohoa zaidi, la tatu ikashika. Watoto wa jirani wakapanda ukutani kushangilia. Aliiacha sekunde chache tu, maana nje ya maji haipozwi, akazima.

Ziwani siku iliyofuata ilikwenda vizuri, ila nikalalamika kwamba haifiki mwendo ulioandikwa kitabuni. Mzee akasema haitaufikia kamwe hapa. Kivu iko mita 1,460 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 3 ya nguvu kila mita 300. Piga hesabu, ni kama asilimia 15. Muuzaji hakuniambia hilo, nami sikuuliza.

Sasa nyota iliyokatwa. Mzee anachelewa na haombi radhi. Hatoi risiti, na mimi nahitaji karatasi kwa hesabu zangu na kaka. Anakufundisha kama mtoto wa darasa la pili. Bawa la impela lililopigwa na jiwe alilisawazisha kwa tupa, lakini boti bado inatetemeka kidogo ikikazwa, na ukuta wa bomba una mkwaruzo. Amesema wazi itabidi pete ya ndani ibadilishwe, na kipuri hicho hakipatikani mjini. Ila pesa hakuishika hata senti kabla injini haijawaka, na hakubadilisha kitu bila kukipima kwanza. Alichukua dola 60 kwa siku mbili.

Na boti? Kama unashukia kwenye gati lenye kina, nunua jeti, utaifurahia. Kama kazi yako ni kuingia kwenye fukwe za wavuvi, chukua injini ya kawaida ya nyuma, unayoweza kuinua ukifika mchangani. Sisi tumebaki na jeti kwa sababu pesa imeshakwenda. Siku hizi tunazima maji yakiwa ya kifuani, kaka anashika kafi, tunamalizia kwa mikono kama babu zetu, na abiria wanadhani ni sehemu ya matembezi.

Ile betri ya dola 120 iko sebuleni. Umeme ukikatika inawasha taa mbili na kuchaji simu za watoto.