Miezi minne na Linux Mint: gemu za peke yangu zinacheza, za kucheza na wenzangu zimefungwa

Mashine yangu ni Dell OptiPlex ya mnara, ex-UK, niliyoinunua kwenye duka moja la Moi Avenue. Ina prosesa ya Core i5-6500, RAM ya giga 16 na kadi ndogo ya picha ya GTX 1650, ile isiyohitaji waya wake wa umeme, kwa sababu pawasaplai za mashine hizi za ofisi haziwezi kulisha kadi kubwa. Nilicheza nayo kwenye Windows 10 bila shida hadi tarehe 14 Oktoba 2025, siku Microsoft ilipoacha kuutunza mfumo huo. Windows 11 inataka prosesa za Intel za kizazi cha nane kwenda juu. Yangu ni ya kizazi cha sita. Fundi aliniambia, "Boss, hapo ni kubadilisha mashine tu." Sikuwa na pesa ya mashine nyingine, na hii niliyo nayo haikuwa na ubovu wowote. Wikendi iliyofuata nikaweka Linux Mint, mfumo wa bure wa familia ya Linux unaochukua nafasi ya Windows.

Kuiweka ni kazi ndogo. Flashi moja, chini ya nusu saa, kisha unafungua kidirisha cha madraiva, unachagua ile ya Nvidia inayopendekezwa na kuwasha upya. Nikaweka Steam, duka la gemu la kampuni ya Valve, nikaingia kwenye akaunti yangu, na gemu zangu zote zikanitokea pale pale.

Gemu nyingi kati ya hizo hazikuandikwa kwa Linux. Kinachoziendesha ni Proton, programu ambayo Valve iliitoa Agosti 2018 juu ya msingi wa Wine, programu ya kuendeshea programu za Windows kwenye Linux. Gemu inadhani iko ndani ya Windows. Inapoomba DirectX, kichoraji cha Windows, ichore picha, sehemu ya Proton iitwayo DXVK huligeuza ombi hilo kuwa Vulkan, lugha ambayo kadi yangu inaielewa hata kwenye Linux. Mtumiaji haoni lolote kati ya hayo. Unabonyeza kitufe cha kucheza, gemu inafunguka. Mara ya kwanza Steam hutayarisha sheda, yaani vijiprogramu vya kuchorea picha, na kwa prosesa yangu ya kore nne hiyo ni muda wa kutosha kuchemsha chai. Baada ya hapo inafunguka haraka.

The Witcher 3, katika hali yake ya DirectX 11, inanipa kati ya fremu 50 na 60 kwa sekunde kwenye kiwango cha kati. Sioni tofauti na nilivyokuwa nikiicheza zamani. Hades haijawahi kunisumbua. Stardew Valley na Hollow Knight zina matoleo yao halisi ya Linux, hata Proton hazihitaji. Elden Ring inafunguka, ingawa kadi yangu inahema. Gemu za DirectX 12 hupoteza kasi kiasi kwenye kadi za Nvidia zikiwa Linux, kwa hiyo anayepanga kununua kadi kwa ajili ya mfumo huu ningemwambia aangalie AMD kwanza.

Ile ninayoipenda kuliko zote ni Euro Truck Simulator 2. Studio ya SCS Software ya Ucheki imeitengenezea toleo la Linux tangu zamani. Nimeweka modi ya basi lenye rangi za mabasi yetu ya Mombasa, na jioni nikitoka kazini naendesha saa nzima nikiwa nimetulia hapa Kahawa West, pedi mkononi. Studio si kubwa kama zile zinazotawala matangazo, lakini imetukumbuka kwa miaka yote hiyo. Ninaishukuru kwa dhati.

Sasa nifike kwenye kinachoniuma.

Sisi tuko wanne tangu shule ya upili. Mmoja yuko Rongai, mwingine Umoja, wa tatu Thika. Jumamosi usiku tunakutana kwenye intaneti kucheza mpira, na ndivyo tulivyobaki marafiki kwa sababu nauli na foleni za magari haziruhusu kuonana kila wiki. Mwezi wa Novemba nilinunua gemu ya mpira ya studio moja kubwa, nikalipa kwa kadi ya Visa ya M-Pesa. Kwa Wi-Fi yangu ya megabiti 10 kwa sekunde, giga 50 zilinichukua kuanzia saa tatu usiku hadi saa mbili asubuhi. Jioni ikafika, nikabonyeza kucheza. Nembo ikatokea, halafu ujumbe kwamba programu ya kuzuia udanganyifu haiwezi kuanza. Nikajaribu toleo jingine la Proton, nikasoma maelezo hadi macho yakachoka, huku simu ikilia: "Buda, uko wapi? Tunaanza." Wakaanza. Pesa nilirudishiwa, kwa kuwa Steam hurudisha ukiwa ndani ya siku 14 na hujacheza saa 2. Ule usiku haukurudi.

Tangu siku hiyo sinunui kitu bila kuangalia ProtonDB, ambako wachezaji wenyewe huandika gemu gani inakwenda na gani imekataa. Na nilichojifunza huko kinanikera zaidi ya ule ujumbe wa kosa.

Programu hizo za kuzuia udanganyifu hutaka kukaa kwenye kerneli, yaani kiini cha mfumo, ili zione kila kinachotendeka ndani ya kompyuta. Zimeandikwa kwa kerneli ya Windows. Proton inaweza kuitafsiria gemu maombi yake, lakini haiwezi kumpa mlinzi huyo wa gemu kerneli ambayo haipo. Mpaka hapo nawaelewa. Tatizo ni kwamba njia nyingine ipo. Septemba 2021 Easy Anti-Cheat na BattlEye, walinzi wawili wanaotumika sana, walitangaza kwamba wanaweza kufanya kazi chini ya Proton studio ikikubali. Elden Ring inatumia Easy Anti-Cheat na ninaicheza. Kwa hiyo pale studio inapotumia mmoja wa walinzi hao, kilichobaki ni uamuzi.

Na uamuzi umekuwa ukienda upande mbaya. Kampuni ya Epic inaimiliki Easy Anti-Cheat yenyewe, ilhali gemu yake ya Fortnite haikufunguliwa kwetu. Mkuu wake Tim Sweeney alikataa hadharani mwaka 2022. Septemba 2024 studio ya Rockstar iliongeza BattlEye kwenye GTA Online, sehemu ya mtandaoni ya GTA V, bila kuiruhusu Linux. Hadithi ya GTA V naicheza mpaka leo, lakini mtandaoni hapana. Mwishoni mwa Oktoba mwaka huo huo EA ikaifunga Apex Legends, gemu iliyokuwa ikichezeka vizuri, ikisema wadanganyifu wanajificha kwenye Linux. League of Legends nayo ilichezwa kwa Wine miaka mingi hadi alipoletwa mlinzi wake mpya, Vanguard, mwaka 2024.

Siwezi kusema hoja yao haina kitu. Kwenye Linux mtu anaweza kuibadilisha kerneli yake atakavyo, na mdanganyifu mjanja ataitumia nafasi hiyo. Nimeshindwa na wadanganyifu, najua inavyochoma. Lakini wale walionishinda miaka yote niliyokuwa Windows walikuwa Windows pia, na hakuna aliyefikiria kuufunga mfumo mzima kwa ajili yao. Hoja ya pili ni kwamba tuko wachache. Ni kweli. Kwenye takwimu za Steam, Linux ilivuka asilimia 3 kwa mara ya kwanza Oktoba 2025. Lakini tutawezaje kuongezeka wakati rafiki zangu watatu wananiona nimefungiwa nje kila Jumamosi? Yule wa Umoja ana mashine ya kizazi cha sita kama yangu. Nilimwonyesha The Witcher 3 ikikimbia, akapenda, kisha akauliza swali moja tu, la mpira. Bado yuko kwenye Windows 10 isiyotunzwa.

Kama unacheza peke yako, hadithi na safari ndefu, hama bila woga, hasa ukiwa na mashine ya zamani ambayo fundi anataka uitupe. Mimi sirudi nyuma. Kama gemu zako ni za ushindani mtandaoni, andika majina yake yote, angalia ProtonDB moja baada ya nyingine, na usiguse diski yako kabla hujamaliza.

Wenzangu wamejaribu kunisaidia. Jumatano usiku tunacheza Counter-Strike 2, ambayo Valve iliitoa kwa Linux na Windows siku moja Septemba 2023. Walikubali kwa sababu yangu, ingawa yule wa Thika hapendi gemu za bunduki. Jumamosi bado ni mpira. Wiki iliyopita walicheza mechi sita, na matokeo niliyasoma kwenye WhatsApp.