Biogesi ya nyumbani Mbarara, miezi 8: nyota 4 kati ya 5

Mtambo wangu ni ule wa kufukiwa chini, mita za ujazo 6, na ng'ombe wangu wawili wa friziani wanautosha kabisa. Asubuhi ndoo ya samadi ndoo ya maji, unakoroga unamwaga basi. Matooke yanaiva, maharage nayo yanaiva, mkaa sasa nanunua wa kuchomea nyama tu. Mwanzoni gesi ikikataa kuwaka usishtuke, ni kaboni dayoksaidi imezidi, subiri.

Mimi nafundisha kemia kwa hiyo kinachonikosha zaidi ni mambo ya mle chini. Methani, yaani ile gesi yenyewe inayowaka, inatengenezwa na vijidudu visivyotaka oksijeni hata kidogo, na yote inapitia kimeng'enya kimoja (protini inayoharakisha kazi ya kemia) chenye madini ya nikeli katikati. Hiyo nikeli inadaka salfa ya molekyuli iliyobeba methili (kaboni moja na hidrojeni tatu), methili inachomoka ikiwa radikali, yaani ina elektroni moja isiyo na mwenzie, inapora hidrojeni kwenye salfa ya molekyuli nyingine na hapo ndo methani imezaliwa. Sasa hiyo salfa iliyoporwa ndo inabaki na elektroni pweke, inaenda kujiunga na ile salfa iliyoko kwa nikeli, elektroni inarudi kwa nikeli, kazi inaanza upya. Wataalamu walibishana miaka na miaka kama methili inatoka kama radikali au inaganda kwanza kwa nikeli, mpaka 2016 kundi la Stephen Ragsdale wa Chuo Kikuu cha Michigan likaonyesha ni radikali. Banange, nikiwasha jiko nikaona ule moto wa bluu nawaita wanangu waje waangalie!

Kwa hiyo vijidudu hivyo vitunzeni, msimwage dawa ya madoa kama Jik humo, na ng'ombe akichomwa antibayotiki samadi yake ya siku hizo wekeni pembeni.

Nyota moja nimekata kwa waliojenga. Hawakuweka filta ya salfa, jiko likanuka mayai viza wiki mbili nzima, mama watoto akagoma kupika, valvu ya shaba ikaanza kuwa nyeusi, nikipiga simu naambiwa kesho. Mwishowe nikachukua stili wuli ya kusugulia sufuria, nikaiacha ishike kutu, nikaijaza kwenye kipande cha bomba gesi ipite humo. Harufu ikakata siku hiyo hiyo. Baada ya mwezi nikafungua, ile kutu nyekundu imekuwa nyeusi tititi, salfa yote imeng'ang'ania chuma. Ukiianika inarudi rangi ya kutu unaitumia tena, ila inapata joto sana ikikutana na hewa, ianikeni nje kwenye simenti, mbali na majani makavu.