Drone ya dukani iitwayo Tello au ya kuunga wenyewe, madogo waanze na ipi?

Tello inawarusha siku hiyohiyo, gramu 80 tu, inatulia hewani yenyewe na madogo wanaiandikia programu kwa Scratch (lugha ya kupanga vibloku), ila ikifunguliwa hamna kikubwa cha kujifunza mle ndani. Ya kuunga ni kazi jamani, risasi ya kulehemu na waya Kariakoo vipo ila flaiti kontrola (ubongo wa drone) mara nyingi mnaagiza na kusubiri, halafu dogo akikosea propela (mota mbili zinazunguka kama saa, mbili kinyume) inapinduka palepale chini kabla haijapaa, na hapo ndo anaelewa kweli kwa nini inaruka. Mi nasimama na ya kuunga kama mna muhula mzima, mashindano yakiwa karibu chukueni Tello. Kibali cha kurusha ulizieni mapema TCAA (mamlaka ya usafiri wa anga).