Nikon D850 bila tripodi: kutikisika kwa picha ni kweli au maneno ya watu?

Wadau wa picha wa Moshi na Arusha, kila ikitajwa D850 nasikia lilelile, megapikseli nyingi mno hiyo, ukiishika mkononi picha zote zinatikisika. Mi ndo bodi (kamera yenyewe bila lenzi) yangu ya kazi, misa za ndoa mpaka sendofu za usiku, na D750 iko begini kama bodi ya pili, kwa hiyo nazijua zote, na hayo maneno yana ukweli nusu.

Sensa zote mbili, kile kipande kinachonasa picha, ni fulu fremu, yaani saizi ya filamu ya 35mm, ukubwa uleule. D850 ya 2017 ina megapikseli 45.7, upana wa picha pikseli 8256, D750 ya 2014 ina 24.3, upana 6016. Mkono ukitetemeka, ule mtikisiko unaingia kwenye sensa sawasawa kotekote, ila ukifungua laptopu ukazoom asilimia mia D850 inakukuzia karibu mara 1.4 zaidi, ndo unaona kope za bibi harusi kila moja imekuwa mbili mbili unaanza kuilaumu kamera. Printi zote saizi moja uziweke mezani, ya D850 haitazidiwa na ya D750 kwa sababu ya megapikseli, mbaya zaidi zitalingana.

Sasa kulingana ndo hasara yenyewe, maana bei umelipa ya D850. Kwa printi ya nukta 300 kwa inchi D850 inakupa upana kama sentimita 70, D750 kama 51, na hizo za ziada unazipata pale tu mkono umetulia na shata, lile pazia linalofungulia mwanga sensa, ina spidi. Ile kanuni ya zamani kwamba lenzi ya 85mm unapiga shata ya 1/85 au 1/100 ya sekunde hapa haitoshi jamani, mi naanzia 1/200 na ISO, ule wepesi wa kamera kwa mwanga, naiacha ipande, chenga zinazotokea zinasafishika kwenye kompyuta, picha iliyotikisika haisafishiki.

Bodi haina stabilaiza ya ndani, unategemea lenzi zenye VR, yaani stabilaiza ya Nikon ya kwenye lenzi, nayo VR inatuliza mkono wako tu, mama anayeingia ukumbini anacheza na zawadi kichwani haimsimamishi, huyo mpe 1/250 kwenda juu. Ninachoipendea sana ni Auto ISO yake, spidi ya chini kabisa ya shata unaiweka auto halafu unaisogeza upande wa haraka, ukibadilisha zoom yenyewe inajirekebisha, umeme ukumbini ukiyumba huna haja ya kugusa kitu.

Kama picha zako zinaishia WhatsApp na albamu, baki na D750, inatosha kabisa. Ila kama unauza za ukutani, Kibo asubuhi mawingu yakifunguka, D850 nakwambia chukua, na ujipange kwa kadi kubwa kwa sababu RAW moja, faili la picha ghafi, inakula kama MB 50.