Rezini ya kulainisha maji yenye DVB asilimia 10: uzoefu wangu hapa Dodoma

Watu wengi wananiuliza ile mashine ya kulainisha maji niliyofunga gesti inasaidia kweli au ni kutupa hela, sasa acha niandike mara moja. Inasaidia, tena sana. Ila mtungi na vavu ya juu wala visikuumize kichwa, kinachofanya kazi ni zile punje za ndani, yani rezini, na ukienda kununua rezini muulize muuzaji DVB yake, yani kile kiungo kinachozishikanisha punje zisilegee, ni asilimia ngapi. Akishindwa kujibu nenda duka lingine.

Wa Dodoma wenzangu mnayajua maji ya visima vya huku, sabuni haitoi povu, koili ya hita inavaa chokaa mpaka inaungua, shawa zinaziba, mashuka meupe yanakakamaa. Rezini yangu ya kwanza ilikuwa ya asilimia 8, ndo ya kawaida kwenye mashine nyingi, na ilianza vizuri tu. Ila matangi yetu yanapokea maji ya kisima na ya bomba, leo haya kesho yale, na ya bomba yana klorini, na klorini ndo adui wa rezini. Presha ikawa inashuka kidogo kidogo, fundi akaja kufungua mtungi tukakuta punje zimevimba, ukichukua moja ukaisugua kwa vidole inapondeka inakuwa ujiuji. Na aliyeniuzia aliniambia rezini zote sawa! Si sawa hata kidogo jamani.

Sababu yenyewe iko hivi. Punje ni za polistirini, plastiki inayotengenezwa kwa stirini, na stirini ikiungana yenyewe tu inatoa minyororo mirefu ambayo kila mmoja uko kivyake, ukiitia kwenye kiyeyushi kama toluini inayeyuka yote. DVB, kwa kirefu divainilibenzini, ina sehemu mbili za kuungia wakati stirini ina moja, kwa hiyo molekuli moja ya DVB inashika mnyororo huu na upande wa pili inashika wa jirani, zikiwa nyingi unapata kitu kama wavu uliofungwa mafundo. Mjerumani Hermann Staudinger alishaonyesha miaka ya 1930 kwamba hata DVB kidogo mno inatosha polistirini ikatae kuyeyuka, inavimba tu basi. Halafu Mmarekani Gaetano D'Alelio akapata hataza, yani hati ya kulinda uvumbuzi, mwaka 1944 ya kuzitia punje hizo salfonia, yani kuzipachika vikundi vya asidi vinavyoshika sodiamu. Maji magumu yakipita, kalsiamu na magnesiamu zinakaa pale na sodiamu inatoka, ukija kuosha kwa maji ya chumvi sodiamu inarudi mahali pake. Na hapa ndo utaona DVB ina kazi gani, maana polistirini yenye salfonia bila mafundo hayo inayeyuka kwenye maji, rezini yako yote ingetokea bombani.

Klorini inachofanya ni kukata mafundo. Mafundo yakipungua punje inakunywa maji zaidi, inavimba, inalainika, maji yanakosa njia ya kupita. Maji yakiwa na chuma ndo inaenda kasi zaidi.

Kwa hiyo safari hii niliweka ya asilimia 10. Punje ni za rangi ya kahawia iliyokolea, ukizisugua unazisikia ngumu kabisa mkononi, na mpaka leo presha haijayumba. Sabuni ya kufulia tunatumia kidogo, na dada wa usafi ndo amefurahi kuliko wote, vioo vya bafuni havina tena yale madoa meupe. Ubaya wake ni kwamba wavu ukibana ayoni, yani hizo kalsiamu, magnesiamu na sodiamu zenye chaji, zinaingia na kutoka taratibu, hivyo ukiosha kwa chumvi usiwe na haraka, acha maji ya chumvi yapite polepole. Na bei iko juu. Kama una kisima peke yake, hakuna klorini wala chuma, mi ningekwambia chukua ya asilimia 8 tu itakutosha. Ya chini zaidi ya hapo kwa ajili ya nyumbani sinunui hata nikipewa punguzo.

Sasa kuna mambo watu wanadanganywa. Rezini hii haiondoi uchumvi kwenye maji, nyie wa Dar wenye visima vya chumvi msije mkanunua mkitegemea maji yawe matamu. Haiondoi floraidi pia, kwa sababu floraidi ina chaji hasi na rezini hii inashika chaji chanya tu, kwa hiyo ndugu zangu wa Singida na Arusha tafuteni njia nyingine kwa maji ya kunywa. Na kila miligramu 100 za ugumu kwa lita (ukipimwa kama kalsiamu kabonati) zikiondolewa, zinaingia kama miligramu 46 za sodiamu, ndo maana jikoni nimeacha bomba moja lisilopita kwenye mashine, mama yangu ana presha na hayo ndo maji yake.

Chumvi tumia ile ya mawe iliyo safi. Yenye mchanga inaziba vavu.